UZI: Kifurushi cha programu huria kinatunzwa au kimetelekezwa? Tujadili vipimo

Mtunza_Kodi

Wakuu, salaam.

Swali la "hiki kifurushi bado kiko hai?" huulizwa sana, na jibu linalotolewa karibu kila mara ni lile lile: fungua ukurasa wake, tazama komiti (badiliko la kodi lililohifadhiwa) ya mwisho ni ya lini. Ikiwa ni ya wiki iliyopita, kiko hai. Ikiwa ni ya miaka miwili nyuma, kimekufa, tafuta kingine. Naleta uzi huu kwa sababu jibu hilo linapotosha pande zote mbili. Linazika vifurushi vilivyo hai, na linatupa imani pasipostahili.

Nianze na vinavyozikwa vikiwa hai. TeX, programu ya kupanga machapisho ya Donald Knuth, ilipata toleo 3.14159265 mwaka 2014. Lililofuata, 3.141592653, lilitoka 2021. Miaka saba, tarakimu moja tu imeongezeka. Ukiipima kwa komiti ya mwisho utasema hakuna mtu. Lakini Knuth alishatangaza utaratibu wake: ripoti za hitilafu hukusanywa, yeye huzipitia kwa awamu, na awamu ijayo ni 2029. Mtu anayesema hadharani lini atarudi kwenye kazi, kisha akarudi kweli, huyo anatunza.

Sasa upande wa pili. Machi 29, 2024, Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) ndani ya xz, maktaba ya kubana data iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa ameuchangia mradi kwa zaidi ya miaka miwili, na njiani akapewa haki za mtunzaji. Fikirini takwimu za mradi ule wakati huo: komiti zinaingia, matoleo yanatoka, tiketi (ripoti za hitilafu na maombi ya watumiaji) zinajibiwa. Kipimo chochote cha shughuli kingeonyesha kwamba xz imefufuka na iko katika hali nzuri kuliko miaka iliyotangulia.

Hoja yangu ni hii: tunachohitaji kujua ni kama kuna mtu anayeitika pale kifurushi kinapohitaji kushughulikiwa. Wingi wa komiti hautuambii hilo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, lazima tujiulize kifurushi chenyewe kinadai kazi kiasi gani.

Mtafiti wa programu Meir Lehman alishaligawa jambo hili vizuri mwaka 1980. Kuna programu ambayo kazi yake imefafanuliwa kikamilifu. Ukishaiandika sawasawa, imekwisha. Na kuna programu iliyofungamana na dunia ya watu. Hiyo isipobadilika inapungua faida siku hadi siku hata kama hakuna aliyeigusa. Kifurushi cha kupima tofauti ya herufi kati ya maneno mawili kinaweza kukaa kimya miaka mitano na kikawa kizima kabisa. Kifurushi kinachobeba data za kanda za saa hakiwezi, kwa sababu serikali hubadilisha saa zao na hifadhidata ya kanda za saa ya IANA (shirika linaloratibu namba na majina ya intaneti) hutoa matoleo mapya mara kadhaa kwa mwaka. Hicho kikinyamaza miezi kumi na minane, tayari kinatoa majibu ya uongo kwa baadhi ya nchi.

Karibuni kwa mawazo.

---

Fundi_Seva

Mkuu, hoja imesimama, ila naomba nikupinge kidogo kwa upande wa utekelezaji.

Sisi tulio kazini hatuna kifurushi kimoja. Mradi wa kawaida wa JavaScript unavuta mamia ya vitegemezi (vifurushi vingine unavyovihitaji ili ufanye kazi), vingi vyake hatukuvichagua sisi, vimeletwa na vitegemezi vya vitegemezi. Siwezi kukaa na kila kimoja nikijiuliza kama Lehman angekiweka kundi gani. Nahitaji namba. Zana ya Scorecard ya OpenSSF, taasisi ya usalama wa programu huria, inanipa namba kutoka 0 hadi 10, na ndani yake kuna kipengele kinachopima utunzaji peke yake. Naiendesha, naona chini ya 3, naenda kuchunguza. Kuna ubaya gani?

---

Mtunza_Kodi

Ndugu Fundi, hakuna ubaya ukiitumia kama chujio la kwanza. Tatizo linaanza pale namba inapogeuka hukumu.

Tuitazame hiyo namba inatoka wapi. Kipengele hicho cha Scorecard hutazama siku 90 zilizopita. Mradi ukiwa na wastani wa angalau komiti moja kwa wiki ndani ya kipindi hicho unapata alama ya juu kabisa. Shughuli za watunzaji kwenye tiketi nazo huhesabiwa. Hifadhi (mahali kodi ya mradi inapowekwa) iliyofungwa rasmi hupata 0. Maelezo yao wenyewe yanakiri kwamba kukosa shughuli si lazima liwe tatizo, na wanatoa mfano wa maktaba ndogo ya kujua kama namba inagawanyika kwa mbili. Yaani waliojenga zana wameandika tahadhari, sisi watumiaji tunasoma alama na kuiruka tahadhari.

Mimi ningeongeza vitu vitatu ambavyo pia vinaweza kuhesabiwa na mashine.

Cha kwanza ni umbali kati ya kodi na toleo. Mara nyingi utakuta kiraka (kodi ya kurekebisha hitilafu) kilishaunganishwa kwenye tawi kuu la kodi ya mradi, lakini toleo halijatoka, kwa hiyo anayesakinisha kutoka npm au PyPI, hazina za vifurushi vya JavaScript na Python, bado anapata hitilafu ile ile. Hifadhi inaonekana imechangamka, mtumiaji haoni kitu. Ni rahisi kupima kwa git, programu inayotunza historia ya kodi; amri hii inaorodhesha komiti zilizoingia tangu toleo la mwisho:

`git log $(git describe --tags --abbrev=0)..HEAD --oneline`

Ukiona marekebisho ya maana yamelala hapo kwa mwaka mzima, basi mwenye haki ya kutoa toleo hayupo, hata kama wachangiaji wapo.

Cha pili ni muda tangu udhaifu wa kiusalama utangazwe hadi toleo lenye kiraka lipatikane. Hapa ndipo kifurushi kilichonyamaza hujulikana kama kimelala au kimekufa. Kifurushi kilichokaa kimya miaka mitatu, kisha udhaifu ukaripotiwa na kiraka kikatoka baada ya siku nne, hicho mimi nakiamini kuliko chenye komiti kila siku na tiketi ya usalama iliyoachwa wazi tangu mwaka juzi.

Cha tatu ni muda wa jibu la kwanza la binadamu kwa tiketi mpya. Nasisitiza binadamu. Na chukueni muda wa katikati (ule unaoangukia katikati ukizipanga tiketi kwa urefu wa muda), msichukue wastani, maana tiketi moja iliyosahaulika miaka minne inaharibu wastani wote.

---

Mkaguzi

Naunga mkono hoja ya tatu, lakini hapo pana mtego mkubwa ambao watu wengi wanaofanya takwimu hizi hawauoni, naomba niueleze vizuri.

Ukihesabu "muda wa kufunga tiketi" unatumia tiketi zipi? Zilizofungwa, kwa sababu ndizo zenye tarehe ya kufungwa. Zile ambazo hazijafungwa zinaachwa nje ya hesabu. Sasa chukua mradi ambao mtunzaji wake hufunga maswali mepesi siku hiyo hiyo na kuziacha hitilafu ngumu zilale. Muda wa katikati utakuwa saa chache! Mradi utaonekana bora kuliko ule ambao watu wanahangaika na hitilafu ngumu kwa wiki sita mpaka wanazimaliza. Kipimo kinamzawadia anayekwepa.

Watafiti wa tiba walishakutana na tatizo hili, la wagonjwa ambao bado wako hai utafiti unapokwisha, na njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958 ipo kwa ajili hiyo. Kila tiketi ambayo bado iko wazi inaingia kwenye hesabu kama "imesubiri angalau siku kadhaa na bado inasubiri". Maktaba za kufanya hivyo zipo katika lugha za R na Python, si kazi ngumu. Swali linageuka kuwa: baada ya siku 30, ni sehemu gani ya tiketi bado haijajibiwa? Hilo lina maana.

Halafu boti, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe. Kuna boti zinazofunga tiketi zenyewe baada ya siku kadhaa za ukimya. Kiwango cha kufunga kinapanda, hakuna kilichotatuliwa. Na kuna Dependabot na Renovate zinazopandisha matoleo ya vitegemezi kila siku. Mradi uliowekewa kuunganisha kiotomatiki unaweza kuonyesha komiti mia mbili kwa mwaka bila mtu kuufungua. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu lolote, tengeni akaunti za boti:

`git shortlog -sn --no-merges --since="2 years ago"`

Majina yatakayobaki baada ya kuondoa boti ndiyo watu. Mkibaki na jina moja, mmejifunza jambo kubwa kuliko idadi yote ya komiti.

Jingine: kila komiti katika git ina tarehe mbili, ya aliyeandika na ya aliyeiweka. Kiraka kilichoandikwa 2019 kikaunganishwa 2024 kinaonekana cha zamani kwa tarehe moja na kipya kwa nyingine. Kwa swali letu tunataka tarehe ya kuwekwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha mtunzaji alikuwa kazini.

---

Mgeni_wa_Kodi

Samahanini wakuu, nauliza kama mwanafunzi. Nyota ambazo watu huzipa miradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, na idadi ya kupakuliwa vina nafasi gani katika haya?

---

Mkaguzi

Nyota ziache kabisa. Ni alama ya mtu kupendezwa siku moja, haziondoki hata mradi ukifa.

Idadi ya kupakuliwa ina faida yake, lakini inapima jambo lingine: ni watu wangapi wataumia mambo yakiharibika. Hata hapo sehemu kubwa ya upakuaji hufanywa na mashine za kujenga na kujaribu kodi, zinazopakua upya kila mtu anapobadilisha mstari mmoja. Kumbuka left-pad, Machi 2016: mistari 11 ya kodi, mwandishi akaiondoa npm, na miradi mikubwa kama Babel, zana ya JavaScript, ikashindwa kujengwa. Au event-stream mwaka 2018: ilikuwa ikipakuliwa takriban mara milioni mbili kwa wiki, mwandishi wake hakuwa tena na sababu ya kuishughulikia, akajitokeza mtu aliyejitolea kuisimamia, akakabidhiwa, na muda si mrefu ikaongezwa kodi iliyolenga kuiba sarafu za Bitcoin kutoka pochi ya Copay. Upakuaji mkubwa na utunzaji dhaifu vikikutana kwenye kifurushi kimoja, hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi wako.

---

Mjenzi_Huria

Nimesoma yote kwa makini. Nazungumza kama mtu ninayetunza vifurushi viwili vidogo vinavyotumiwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, bila malipo.

Ndugu zangu, kila kipimo mnachokitaja hapa kina mtu upande wa pili. "Muda wa jibu la kwanza" ni saa zangu za usiku baada ya kazi. Mkiweka kipimo hicho kwenye jedwali na kuanza kupanga miradi kwa cheo, mtaniongezea shinikizo ambalo halina mshahara, na shinikizo lina matokeo. Turudi kwa hiyo xz. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimwandama mtunzaji wa awali kwenye barua za mradi, zikilalamika kwamba anachelewa, kwamba viraka vinalala, kwamba apatikane mtunzaji mwingine. Yeye alieleza hadharani kwamba ana matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu na kwamba mradi huu ni kazi ya kujitolea. Malalamiko yale yalikuwa yanatumia kipimo gani? Hiki hiki cha mwendo. Ndicho kilichotumika kama fimbo ya kumfungulia mlango mtu mbaya.

Ninachoomba mimi ni kwamba hali ya kifurushi itangazwe na mwenyewe, na tangazo hilo liheshimiwe. Njia zipo tayari. Kernel (kiini) ya Linux ina faili la MAINTAINERS ambamo kila sehemu ina hali yake: kuna inayotunzwa na mtu anayelipwa, inayotunzwa tu, inayopata marekebisho ya hapa na pale, na isiyo na mwenyewe. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, wana utaratibu wa wazi wa kifurushi yatima: mtunzaji anatangaza ameachia, mwingine anatangaza anachukua, na kipo kikundi cha kufuatilia watunzaji waliopotea bila taarifa. PyPI ina lebo ya hali ya mradi yenye ngazi saba, ya mwisho ikiwa ni ya mradi usio na shughuli, na tangu 2025 unaweza kuufunga mradi rasmi ili wanaousakinisha wajue. Kwenye npm unaweza kuweka onyo linalotokea mtu anaposakinisha.

Nikiandika "kifurushi hiki kimekamilika, nitarekebisha hitilafu za usalama pekee", nimekupa taarifa ambayo hakuna hesabu ya komiti ingeweza kukupa. Kisha nipime kwa ahadi hiyo.

---

Mtunza_Kodi

Mjenzi, umenigusa, na nakubaliana nawe kwa uzito wote. Kupimwa kwa ahadi ambayo mtunzaji mwenyewe ameitoa ni haki kuliko kupimwa kwa matarajio ya mtu asiyemjua. Ugumu ni kwamba watunzaji wengi huondoka bila kutangaza. Maisha hubadilika, anapata kazi nyingine, anaugua, na kufunga mradi ni kazi ya mwisho ambayo hakuna aliyebaki kuifanya. Kwa hao inabidi tuangalie dalili kutoka nje, na napenda wanavyofanya CRAN, hazina ya vifurushi vya R: kila kifurushi hujaribiwa upya mara kwa mara dhidi ya matoleo mapya ya R, kikivunjika mtunzaji huandikiwa na kupewa muda, asipoitika kifurushi kinaondolewa kwenye orodha na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Hawakuulizi umeandika komiti ngapi. Kifurushi kinachofanya kazi kinaachwa kwa amani hata kikikaa miaka kumi.

Nigusie pia idadi ya watunzaji. Utafiti mmoja uliochapishwa 2016 ulipima miradi 133 maarufu ya GitHub, ukakuta asilimia 65 ingeyumba ikiondokewa na mtu mmoja au wawili tu. Ni taarifa nzito. Lakini msiifanye kanuni ya chuma: SQLite imeandikwa na kikundi kidogo sana, kwa kawaida haipokei kodi kutoka nje, haitumii hata git kama mfumo wake mkuu, na wamesema wamekusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Zana inayosoma GitHub pekee haioni lolote kati ya hayo. Kernel ya Linux nayo hujadiliwa kwa barua pepe. Kile kilichoko GitHub ni nakala tu.

Na kuhusu fedha. Heartbleed, udhaifu mkubwa wa maktaba ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, ilijulikana kwamba OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kama kampuni yako inaendesha zana za kupima utunzaji na kifurushi muhimu kikatoka na alama mbovu, swali la kwanza liwe kama mmewahi kukichangia chochote. Hata sheria inaelekea huko: Sheria ya Ulaya ya Ustahimilivu wa Mtandao, ambayo wajibu wake mkuu unaanza Desemba 11, 2027, inamtaka mtengenezaji anayeuza bidhaa achukue tahadhari juu ya vipande anavyoviingiza, vya programu huria vikiwemo. Mzigo unakaa kwa anayeuza, na hapo ndipo mahali pake.

---

Fundi_Seva

Sawa mkuu, nimekuelewa. Nina kisa halisi mezani. Kifurushi kidogo cha kusoma aina fulani ya faili. Komiti ya mwisho ina miaka mitatu. Mtunzaji mmoja. Hakuna udhaifu uliotangazwa. Lakini kuna tiketi ya miezi mitano inayosema hakijengeki kwenye toleo jipya la lugha, na mtu ameshaleta kiraka cha mistari sita. Hakuna aliyejibu. Nikihame?

---

Mkaguzi

Faili zenyewe zinatoka wapi? Kama zinatoka kwa watu usiowajua, kodi inayosoma faili ni mahali pa hatari, na kutokuwepo kwa udhaifu uliotangazwa kunaweza kuwa na maana kwamba hakuna aliyetafuta.

---

Fundi_Seva

Zinapakiwa na watumiaji wetu, yaani ndiyo, watu tusiowajua.

---

Mtunza_Kodi

Basi komiti ya miaka mitatu usiijali, ishara yako ni hiyo miezi mitano. Kifurushi kimehitaji kazi, kazi imeshafanywa na mtu mwingine, kilichobaki ni kuunganisha na kutoa toleo, na hakuna aliyeitika.

Ningefanya hivi. Mwandikie mtunzaji kwa njia aliyoiweka hadharani, kwa heshima, ukiuliza jambo moja tu: bado anakusudia kukitunza? Mwambie pia unaweza kusaidia na nini, kupitia viraka au kulipia muda wake. Usimwombe akukabidhi ufunguo wa kutolea matoleo, hilo alete mwenyewe akitaka. Wakati unasubiri, chukua nakala ya kodi, weka kile kiraka cha mistari sita baada ya kukisoma, na uelekeze mradi wako kwenye nakala hiyo kwa komiti maalumu, usiuelekeze kwenye tawi linalobadilika. Hiyo inakupa muda bila kumsukuma mtu.

Kwa kuwa faili zinatoka nje, endesha usomaji wake kwenye mchakato uliotengwa usio na ruhusa ya mtandao. Hilo ungelihitaji hata kama kifurushi kingekuwa na komiti kila siku.

Mwezi ukipita kimya, anza kuhama, na uandike kwenye ile tiketi umehamia wapi ili anayekuja nyuma yako aone.

---

Mjenzi_Huria

Na kama nakala yako itatumiwa na wengine, weka juu kabisa ya maelezo yake kwamba unaitunza kwa mahitaji yenu tu na kwa muda gani. Usiwaachie swali lile lile.